Mtoto Aonyeshe Njia ya Hesabu

Ndugu wafanyakazi wa mgodi na wa reli, nanyi mama na baba wa mji wa Kamina,

Tunasema nanyi juu ya watoto wetu wanaotaka kwenda Lubumbashi kusomea uenjinia. Tarehe 30 Juni 1960, Kongo ilipopata uhuru, Wakongomani waliomaliza universite hawakufika 30. Sisi tulichimba shaba. Aliyepiga hesabu za mgodi alikuwa mgeni.

Tangu 1967 tuna Mtihani wa Serikali, na apataye 50 kwa 100 hupewa diploma. Lakini tuseme kweli. Katika mtihani ule mtoto huchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa. Hata akibahatisha, pengine atapata. Huko Politekniki profesa huuliza: umelipataje? Mstari kwa mstari! Tumeona vijana wenye diploma nzuri wakirudi na mizigo yao baada ya mwaka mmoja.

Basi tusingoje darasa la 6 la sekondari. Tangu la 3 mtoto aandike kila hatua: sehemu, aljebra, pembetatu. Baba usiyejua aljebra (nasi wengi hatuijui), funika jibu kwa mkono, umwambie: nieleze. Akikwama, bado hajajua.

Na ile fedha wengine wanayochanga ili kununua majibu siku ya mtihani, nunueni daftari na mafuta ya taa.

Tunataka vijana wanne wanne wakae pamoja jioni. Mwenye meza kubwa nyumbani atupe jina lake leo, kabla hajatoka.