Vyeti, Uzoefu na Ajira ya Teknolojia ya Habari Pwani: Tatizo la Kazi Isiyoandikwa

Mada iliyowasilishwa katika semina ya vijana, wakufunzi na waajiri, Nyali, Mombasa

1. Utangulizi

Niliombwa nizungumzie namna kijana anavyoweza kujijenga kikazi katika teknolojia ya habari kwa njia ya vyeti na uzoefu. Kabla sijaanza, niseme kwamba maoni haya ni yangu, si ya chuo ninachofundisha, na sikusudii kuinyooshea kidole taasisi yoyote. Nitakapotoa mfano, sitataja jina.

Tunakutana Nyali, na mahali penyewe pana hoja. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na LION2, inayopanda nchi kavu hapa hapa Nyali, ikaanza kazi mwaka 2012. Nyingine zimeongezeka tangu hapo. Bandari ya Kilindini ilianza kuendesha shughuli za makasha kwa mfumo wa KWATOS mwaka 2008. Hoteli za ufuo huu, kuanzia Nyali hadi Shanzu, haziwezi kumwandikisha mgeni mmoja bila mtandao. Kazi za teknolojia zipo. Hata hivyo, kijana wa Kisauni, Likoni au Changamwe mara nyingi huitwa siku ya kuchimba mtaro wa faiba. Siku ya kuwasha vifaa huletwa mtu mwingine. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kwetu hapa tuzo hiyo bado haijafika.

2. Maana ya istilahi

Sehemu hii nitaipita haraka, maana wengi wenu mnaijua. Stashahada na shahada husomewa vyuoni. Cheti cha kitaaluma hutolewa na kampuni au chama cha wataalamu baada ya mtihani: CompTIA A+ kwa fundi wa kompyuta, CCNA ya Cisco kwa mitandao, vyeti vya AWS na Microsoft kwa huduma za wingu, na vile vya ISC2 na ISACA kwa usalama na ukaguzi wa mifumo. Uanagenzi, au atachimenti kama tunavyoiita kila siku, ni kipindi ambacho mwanafunzi hupelekwa kazini akajifunze. Uzoefu ni kazi uliyoifanya kwa mikono yako na ukawajibika kwa matokeo yake.

3. Vyeti: faida na gharama

Cheti kina faida moja kubwa: kinathibitishika. Kina tarehe, kina namba, na mwajiri anaweza kukihakiki mtandaoni kwa dakika chache, ingawa ni wachache wanaojisumbua kufanya hivyo.

Gharama yake si ndogo. Tangu Februari 2020 CCNA ni mtihani mmoja, wa 200-301, wa dakika 120, na ada yake ni dola 300 kabla ya kodi. Ada hiyo imetulia, shilingi ndiyo iliyoyumba. Mwaka 2020 ulipoanza, dola 300 zilikuwa kama shilingi 30,000. Mapema 2024, dola ilipofika karibu na shilingi 160, zikawa 48,000. Dola iliposhuka hadi kama 130, zikarudi 39,000. A+ ni mitihani miwili, kwa hiyo ni ada mbili. Ujuzi hauzeeki, lakini A+ na CCNA huzeeka: zote mbili hudumu miaka mitatu, kisha ni kuzihuisha au kuzipoteza. Kijana atakayekopa pesa za mtihani bila kujua ataufanyia kazi wapi ujuzi huo amenunua kitu kinachoharibika kabatini.

Kuna pia suala la dampu, yaani maswali ya mitihani yaliyovujishwa na kuuzwa. Wenye mitihani hukifuta cheti cha anayebainika kuzitumia. Adhabu ya kweli huja mapema zaidi: siku ya kwanza kazini, unapokabidhiwa kibano cha kubana vichwa vya waya na mpangilio wa rangi zake nane huujui.

4. Uzoefu: tatizo lenyewe

Hapa ndipo ninapoomba mnivumilie, kwa sababu jambo hili nimelipigania miaka mingi, katika vikao vingi, na bado liko palepale.

Tangazo la kazi ya ngazi ya chini kabisa husema: cheti, pamoja na uzoefu wa miaka mitatu. Kijana huuliza ataupata wapi uzoefu bila kazi, nasi humjibu: kwenye atachimenti. Basi tuitazame hiyo atachimenti.

Kila mwanafunzi hurudi chuoni na daftari la mafunzo. Nimesoma madaftari hayo kwa mamia. Ukurasa wa kawaida huwa hivi: "Wiki ya nne, Jumatatu hadi Ijumaa: matengenezo ya kompyuta na mtandao." Chini yake kuna sahihi na muhuri. Wiki ya tano ni maneno yayo hayo, na ya sita hali kadhalika. Mara nyingi wino wa sahihi zote ni mmoja, ishara kwamba msimamizi alizitia zote siku ya mwisho, akiwa amesimama. Humo ndani hakuna anayejua kama kijana alifungua seva au alitumwa kununua chai na kutoa nakala za barua.

Sasa sikilizeni ukurasa wa mwanafunzi mwingine, aliyekuwa katika hoteli moja ya ufuoni:

"Jumanne. Kaunta ya mapokezi haina mtandao. Kwenye swichi, taa ya mlango wa 14 imezimika. Nimebadilisha waya wa kompyuta, bado. Nimefungua soketi ya ukutani, vijipini vimeota kutu ya kijani. Nimekata waya, nimefunga soketi mpya, nimepima kwa testa. Mtandao umerudi saa tano na robo. Nimependekeza soketi zote za upande wa bahari zikaguliwe."

Aya hiyo moja inamweleza mwajiri mambo ambayo shahada haimwelezi. Inamwonyesha kwamba kijana alianza kwenye swichi, hakukimbilia kuwasha na kuzima kila kitu. Inamwonyesha kwamba alipokosea kisio la kwanza aliendelea mbele. Inamwonyesha kwamba anajua adui mkubwa wa mitandao ya pwani ni hewa ya chumvi, somo ambalo halimo katika mtaala wa mtihani wowote nilioutaja. Zaidi ya hayo, hakuishia kutengeneza tu. Alifikiria soketi inayofuata. Ukurasa huo una thamani. Msimamizi aliutia sahihi bila kuusoma, sawasawa na alivyozitia kurasa nyingine.

Atachimenti ikifika mwisho, kampuni humpa kijana barua: "Tunathibitisha kuwa aliyetajwa alikuwa nasi kwa miezi mitatu. Ni mwaminifu, mchapakazi na ana heshima." Ni sifa njema, na mtu angeweza kumwozesha binti yake kwa barua kama hiyo. Lakini haisemi kama anaweza kugawa mtandao wa jengo ili kompyuta za wageni zisizione za uhasibu.

Upande wa pili yuko fundi asiye na karatasi. Yuko saiba ya Mlaleo, yuko duka la simu karibu na soko la Kongowea, na anatengeneza mashine za wenye vyeti. Kampuni inaposhinda zabuni, nyaraka huwa zimeambatishwa vyeti vya mhandisi aliyeko mbali, na pengine haji kabisa. Anayepanda ngazi, anayevuta waya na anayelala kazini mtandao ukikataa ni huyu fundi wetu. Kazi ikikamilika huandikwa kwa jina la mwenye cheti. Zabuni inayofuata inapodai ushahidi wa kazi zilizofanyika, fundi hana hata moja ya kuonyesha. Mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi kwa namna hii, na katika karatasi akawa mgeni wa juzi.

Kwa haki, waajiri nao wana hoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imewapa wajibu mzito juu ya taarifa za wateja, na si busara kumkabidhi mwanagenzi nywila ya seva ya hoteli wiki ya kwanza. Kampuni ndogo haina mtu wa kumkalisha pembeni ya mwanagenzi kutwa nzima. Nayakubali yote hayo. Lakini kuna njia ya kati: akaunti ya kutazama bila kubadilisha, swichi kuukuu ya kufanyia majaribio, na kazi halisi ambazo hazigusi data ya mtu, kama kupima waya, kuchora ramani ya mtandao na kuorodhesha vifaa.

Wapo wanaoniambia kwamba uzoefu haupimiki. Naomba waangalie vyeti vikubwa vya fani yetu. CISSP ya ISC2 haitolewi kwa kufaulu mtihani peke yake. Inadai miaka mitano ya kazi, na mwanachama aliyekwisha kuhitimu amthibitishe mwombaji. Aliyefaulu bila uzoefu hubaki kuwa mshiriki hadi aupate. CISA ya ISACA nayo inadai miaka mitano, ikithibitishwa na mtu anayeijua kazi ya mwombaji. Kwa hiyo kule juu uzoefu unaandikwa, unasomwa na unatiwa sahihi na mtu anayewajibika. Sisi tunaudai kwa kijana wa chini, ila tunautia sahihi bila kuusoma.

Nchi yetu haikosi vyombo. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, husimamia uanagenzi, na mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo. Mitaala ya umilisi ya vyuo vya ufundi, chini ya TVET CDACC, humtaka mwanafunzi akusanye ushahidi wa kazi zake. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ilizinduliwa mwaka 2024. Miswada ya kusajili wataalamu wa teknolojia ya habari imefika Bungeni zaidi ya mara moja bila kuwa sheria, na pengine ni heri, kwa sababu bodi ambayo ingetazama shahada tu ingemfungia mlango yule fundi wa Kongowea. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma kilichoandikwa.

5. Mapendekezo

Kwa vijana:

(i) Chagua cheti kimoja kinachoendana na kazi unayoweza kuipata hapa ulipo, ukimalize, kisha ufikirie kingine.

(ii) Usilipie mtihani kabla ya kufanya mazoezi. Packet Tracer ya Cisco ni ya bure, na mashine pepe za Linux huendeshwa hata kwenye kompyuta ya mtumba yenye kumbukumbu ya kutosha.

(iii) Epuka dampu.

(iv) Andika kila kazi siku ileile: tatizo, ulichokipima, ulichokibadilisha, matokeo, na jina la aliyeshuhudia. Usiandike nywila wala taarifa za wateja.

(v) Wewe fundi usiye na karatasi, andika vilevile, kisha uulizie NITA kuhusu kutambuliwa kwa ujuzi wako.

Kwa vyuo:

(vi) Daftari la mafunzo lisipokelewe likiwa na sentensi ileile wiki baada ya wiki.

(vii) Mkufunzi anayekwenda kumkagua mwanagenzi achague kurasa mbili na amwambie arudie kazi hiyo mbele yake.

(viii) Chuo kihakiki mahali pa atachimenti kabla ya kumpeleka mwanafunzi, si baada ya malalamiko.

Kwa waajiri:

(ix) Msimamizi asome kabla ya kutia sahihi. Nalirudia hili kwa makusudi.

(x) Barua ya mwisho itaje kazi: mifumo gani, vifaa gani, kwa usimamizi wa nani. Sifa za tabia zifuate baadaye.

(xi) Tangazo la kazi ya ngazi ya chini likubali daftari lililothibitishwa badala ya miaka mitatu ya uzoefu.

(xii) Hakikini vyeti mtandaoni. Ni bure.

(xiii) Mnapofunga hesabu ya mradi, orodha ya waliofanya kazi iwe na majina ya waliofanya kazi.

Kwa serikali ya kaunti na taasisi za umma:

(xiv) Zabuni za mitandao ziweke sharti kwamba mafundi waliotajwa katika nyaraka ndio watakaoonekana kazini, na wa hapa wapewe hati ya kazi waliyoifanya.

(xv) Basari za kaunti zifikirie kugharimia ada za mitihani ya kitaaluma kwa vijana waliokwisha kuonyesha daftari la kazi.

6. Hitimisho

Vyeti ni vya lazima, na sina ugomvi navyo. Lakini pwani hii haina upungufu wa vijana wanaojua kazi. Ina upungufu wa kazi zilizoandikwa na kusomwa. Mapendekezo mengi niliyoyatoa yanahitaji bajeti, vikao na subira. La (ix) halihitaji lolote kati ya hayo. Waajiri mliopo hapa, wengi wenu mna mwanagenzi ofisini hivi sasa. Mkirudi kazini mwombeni daftari lake, mlisome ukurasa kwa ukurasa, na palipoandikwa "matengenezo ya kompyuta na mtandao" mwambieni aandike upya.