Samaki Akunjwe, Asivunjwe



Wazee wa pwani husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo imetumiwa mno kutetea bakora. Lakini wavuvi wa Bagamoyo wanajua kwamba samaki hukunjwa taratibu. Akikunjwa kwa pupa huvunjika.

Na uchukuliwe mfano wa Mlingotini, ambako akina mama wengi hulima mwani. Kazi hiyo haifuati saa ya ofisi, hufuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na mama hana budi kuwa baharini. Baba huenda amekesha katika uvuvi. Mtoto wa darasa la awali aweza basi kuondoka bila uji, na akirudi akakuta mlango umefungwa.

Siku hizo mtoto hupigana, hulia ovyo au husinzia. Mwalimu asiyejua habari za maji humwita mtukutu. Mzazi akipelekewa mashtaka huongeza fimbo. Hivyo mtoto huadhibiwa mara mbili kwa njaa na upweke ambao hakujitakia. Maji yakiwa mafu, mama hushinda nyumbani na mtoto hutulia. Hapo fimbo hupewa sifa isiyostahili.

Sheria haikumkabidhi kila mwalimu fimbo. Kanuni za mwaka 2002 huruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, navyo hutolewa na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Tena, mpango wa taifa wa malezi na makuzi ya awali uliozinduliwa Desemba 2021, kwa watoto hadi umri wa miaka 8, uliweka pamoja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Fimbo haimo katika nguzo hizo tano.

Wako wasemao kwamba wao walichapwa na wakawa watu. Ni kweli, lakini walilelewa pia na bibi, shangazi na mtaa mzima. Wakisahau malezi hayo na kukumbuka bakora peke yake, wanamrithisha mtoto sehemu iliyo duni.

Yapo yanayowezekana bila kungoja fedha kutoka mbali. Akina mama wa mwani wapange zamu za kulea siku za bamvua, na balozi wa shina awasaidie kuzisimamia. Wazazi wachangie uji wa shule. Mwalimu aulize kabla ya kuadhibu, na mzazi amweleze mwalimu hali ya nyumbani bila haya. Nyumbani na shuleni ziwepo amri chache zilizo sawa, na mtoto asifiwe atendapo jema kama anavyokemewa akosapo.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akilelewa kwa hofu, taifa litapata raia mwoga. Akilelewa kwa haki, litapata raia mwenye kujitegemea.