Muulize Mteja Kazi Kabla ya Kumtajia Bei
Hotuba kwa wauzaji wa plaiwudi, Spring Valley na mitaa jirani



Spring Valley inabadilika. Kandokando ya Lower Kabete Road na Peponi Road, viwanja vilivyokuwa na nyumba moja na bustani sasa vinapandisha majumba ya ghorofa, na lori za plaiwudi hazikomi kushusha. Bodi hizo zinakwenda kwenye kazi mbili zisizofanana. Baadhi zinafungwa chini ya slabu kushikilia zege bichi. Nyingine zinaingia ndani ya nyumba na kuwa kabati za jikoni, milango na dari. Mara nyingi anayeamua bodi ipi iende wapi si mhandisi wala seremala. Ni kijana wa kaunta, ambaye hakuna aliyemfundisha zaidi ya bei.

Neno linaloleta hasara nyingi ni "marini". Karibu duka lolote la Nairobi ukiomba marini, utapewa bodi yenye uso mweusi au wa kahawia unaong'aa. Uso huo ni karatasi iliyoloweshwa gundi, na kazi yake ni kuzuia zege lisishikamane na ubao. Hausemi chochote kuhusu gundi iliyo kati ya tabaka za ndani. Plaiwudi ya marini ya kweli, ile ya kuundia mashua, ina kiwango chake cha Uingereza, BS 1088, kinachodai gundi isiyoachia hata ikichemshwa na tabaka za ndani zilizo nzima. Bodi nyingi zenye uso mweusi hazikutengenezwa kwa kiwango hicho na wala hazidai hivyo. Kwa kushikilia zege zinafaa. Kosa ni kumwambia mama mwenye nyumba, "Hii ni marini, haiogopi maji," naye akaiweka chini ya sinki. Bomba likivuja kidogo tu, kingo zinavimba, tabaka zinaachana, na kabati nzima inang'olewa.

Hapo sheria haiko upande wa muuzaji. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili azitumie vizuri. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kusema bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo. Ile kongwe ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inakwenda mbali zaidi: mteja akikueleza kazi anayotaka kufanya na akategemea ujuzi wako, bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Wengine wataona basi ni afadhali kutouliza. Lakini anayekaa kimya hubaki na mteja mwenye hasira mlangoni, na mteja huyo ana majirani.

Mafunzo ya kaunta yaanzie kwenye ukingo wa bodi. Mhudumu azihesabu tabaka, atazame kama kuna mapengo au kuni zilizopandana. Gundi ya fenoli, inayovumilia maji, kwa kawaida huacha mistari myeusi. Ya yurea, ya kazi za ndani pakavu, huwa nyeupe au hafifu. Rangi peke yake si ushahidi. Jaribio la bei rahisi ni kukata kipande cha ukubwa wa kiganja, kukichemsha saa kadhaa, kukikausha na kujaribu kuzitenganisha tabaka kwa patasi. Halichukui nafasi ya maabara, ila linamwonyesha mhudumu anachokiuza. Jaribio hilo lifanyiwe nje, kwa sababu ya mvuke wa fomaldehidi, na sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe.

Kisha unene. Bodi inayoitwa ya milimita 18 ikipimwa huweza kutoka 16. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hufuata unene mara tatu kwa wenyewe: 16 badala ya 18 ni kupoteza takriban asilimia 30. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila mita mraba. Bodi moja ya futi 8 kwa 4, yenye karibu mita 3 za mraba, inabeba zaidi ya tani moja ya zege bichi, kabla hujahesabu vijana wenye toroli wanaosimama juu yake. Mhandisi amepanga nafasi kati ya mbao za chini akiamini ni 18. Kwa hiyo risiti iandikwe unene uliopimwa, si jina la bodi.

Kifaa bora cha kuuzia hakihitaji mabango ya kupendeza. Vipande vya sampuli vitundikwe ukutani, ukingo ukiwa umeelekezwa kwa mteja, kila kimoja na kadi: unene uliopimwa, aina ya gundi, kazi inayofaa na isiyofaa. Tahadhari ni moja. Anayenunua kwa kuonyeshwa sampuli ana haki ya mzigo unaolingana nayo, kwa hiyo shehena mpya ikifika, kipande cha zamani kishushwe. Hili lina uzito sasa, kwani tangu marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 hadi ilipoondolewa Julai 2023, maduka mengi yalizoea kupokea mbao za kutoka popote. Nembo ya KEBS inaweza kuhakikiwa: tuma SM, alama ya #, na nambari iliyo chini ya nembo kwenda 20023.

Mchoro wa kukata nao utamwokolea mteja pesa. Upana wa bodi ni milimita 1220. Seremala akiagiza vipande viwili vya 610, hesabu kwenye karatasi inatimia, lakini msumeno unakula milimita 3 au 4, na kipande cha pili kinapungua. Mhudumu anayejua hilo atamshauri achukue 600.

Na bodi zenyewe zilazwe juu ya mbao tatu au zaidi zilizonyooka, mbali na sakafu. Zikiegemezwa ukutani wiki mbili hupinda, na bodi iliyopinda mteja hushusha bei au huiacha.