Mwenye Kuyumbayumba Kazini Huenda Hakulewa

(Hotuba kwa wapakuzi wa shehena, Mombasa)



Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa uletwao na joto. Najua wako watakaosema, "Sisi tumezaliwa katika joto hili, litatufanya nini?" Maneno hayo yana ukweli kidogo na hatari nyingi.

Mwili wa mwanadamu hukaa katika joto la digrii 37 hivi. Mtu afanyapo kazi nzito mwili hupata moto, na jasho likaukapo juu ya ngozi huupoza. Lakini tangu Januari hata Machi hewa ya pwani hujaa unyevu, na tumboni mwa meli hapapiti upepo. Hapo jasho hutiririka tu bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi.

Aliye hatarini zaidi ni mgeni wa kazi. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto. Basi siku ya kwanza apewe sehemu moja katika tano ya kazi, na kila siku aongezewe sehemu moja. Ninyi wenyeji msimcheke.

Kila mtu anywe kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 au 20, wala asingoje kiu. Mwajiri naye anao wajibu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka aweke maji safi ya kunywa.

Mtu akiumwa na kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu, aketi kivulini, alegeze nguo na kunywa maji kidogo kidogo. Lakini akiyumbayumba, akisema maneno yasiyoeleweka, au akizirai, msidhani amelewa. Huenda joto la mwili wake limefika digrii 40 au kuzidi, nalo laweza kumwua, hata kama bado anatoka jasho. Mmoja wenu akaite msaada wa hospitali. Wengine mpelekeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea bila kukoma. Msimnyweshe kitu. Wala msingoje gari lifike ndipo mwanze kumpoza.

Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hajitambui. Kwa hiyo kila mtu amwangalie mwenzake. Shehena iliyochelewa saa moja itapakuliwa, lakini mtu aliyekufa harudi kwa watoto wake.