Nyumba Isiyo na Ngazi

(Maelezo yaliyotolewa na mwanachama mwenzetu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha baada ya shule. Wenzangu walionitangulia wamezungumzia kazi na biashara. Mimi, kwa ruhusa yenu, nitazungumzia nyumba ya kupanga.

Binti yangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Akili yake ni kali kuliko ya baba yake (walionifundisha hapa watakubali kwamba hilo si jambo gumu), lakini miguu haimbebi, hivyo hutumia kiti cha magurudumu. Alipokuwa mdogo hatukuona taabu, tulimbeba. Mwaka 2022 alifika kilo 24, na asubuhi moja mama yake akateguka kiuno akimvusha kizingiti cha choo. Ndipo nikaanza kutafuta nyumba nyingine hapo hapo Dar es Salaam.

Nyumba ya Kiswahili mnaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, jiko na choo uani. Ni nyumba nzuri ya kuishi na watu. Lakini baraza huinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, choo nacho huinuliwa, na mlango wake huwa mwembamba. Kiti cha binti yangu kina upana wa sentimita 62. Nikawa natembea na futi kamba mfukoni kama fundi seremala. Nilipima nyumba 17.

Madalali walinila fedha ya kuonyeshwa. Mmoja aliniapia kwamba nyumba haina ngazi. Kumbe zilikuwapo 2, ila kwa mtu mwenye miguu yake ngazi 2 si ngazi. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Uani kwa mwenye nyumba hakuna anayeitaja.

Mwenye nyumba mwingine tulikwisha kubaliana kodi ya miezi 6. Alipokiona kiti akanirudishia fedha zangu, akasema wapangaji wengine wataona mkosi. Binti yangu alikuwapo, anasikia. Njiani akaniuliza, "Baba, mkosi ni nini?" Nikamwambia ni neno la watu wa zamani. Sikumjibu vizuri, na mpaka leo linanisumbua.

Nyumba ya 17 ilikuwa Kigamboni, ya mama mmoja mjane. Nilimweleza yote kabla ya kuuliza kodi, maana nilikwisha jifunza. Akasema, "Mwanangu, mimi mwenyewe magoti yananiuma. Jenga huo mteremko, na mimi nitaupitia." Tukaandikiana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa: gharama zangu, nusu yake ikatwe katika kodi.

Mteremko wa kwanza tuliukosea. Baraza ilikuwa na kimo cha sentimita 30. Fundi akamwaga zege la urefu wa mita moja na nusu, nami nikamsifu. Siku ya kwanza kiti kikataka kupinduka kinyumenyume, mama yake akakidaka. Hapo nikakumbuka somo la hisabati nililolikimbia katika shule hii hii. Kanuni ni kwamba kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele. Basi sentimita 30 zilitaka mita 3 na sentimita 60. Uwanja haukutosha, tukaukunja mteremko pembeni mwa ukuta na kuweka mahali pa kupumzikia kwenye kona. Mlango wa choo tuliupanua ukawa sentimita 90. Siku hiyo binti yangu alikwenda chooni peke yake, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu bila sababu yoyote.

Leo nimekuja naye. Yuko pale mstari wa mbele. Vijana 4 wa Kidato cha Tatu wamempandisha juu juu na kiti chake. Amewashukuru, nami nawashukuru. Lakini hapendi kubebwa.

Ngazi za bwalo hili ni 3, jumla sentimita 45. Vijana wa Kidato cha Pili wanaweza kunipigia hesabu hiyo sasa hivi. Mimi nimekuja na mifuko 10 ya saruji, iko nyuma ya gari. Namwomba Ndugu Mkuu wa Shule atuonyeshe mahali pa kuishushia.