Arosto Kwisha Si Kupona

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa na daktari wa maradhi ya akili mbele ya masheha, walimu na wazee. Yanachapishwa kwa manufaa ya wananchi wote.)





Nimetakiwa nieleze yale ambayo utafiti wa kitabibu umeyagundua kuhusu heroini, ambayo vijana wetu huiita unga. Nimechagua kusimama juu ya jambo moja. Familia nyingi huamini kwamba kijana akishazipita siku za arosto, basi amepona. Imani hiyo imekwishagharimu roho za watu.

Asili ya heroini ni afyuni, ambayo hutolewa mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali. Mwaka 1874, mkemia C. R. Alder Wright wa London aliibadili mofini akapata kitu kipya, na mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kukiuza kwa jina la heroini kuwa ni dawa ya kikohozi. Hivyo, kinachouzwa leo kwa kete vichochoroni kiliingia duniani kwa mlango wa duka la dawa.

Kwa nini kitu hiki humshika mtu namna hii? Mwaka 1973 watafiti walithibitisha kuwa ubongo una vipokezi maalumu vya dawa za jamii ya afyuni. Miaka miwili baadaye, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen walionesha kuwa mwili wenyewe hutengeneza vitu vinavyofanya kazi katika vipokezi hivyo. Heroini huvivamia kwa nguvu kubwa kuliko ile ya maumbile. Huondoa maumivu na kuleta raha, lakini pia hupunguza kasi ya kupumua. Mwenye kuzidisha hufa kwa sababu pumzi husita.

Mwili nao haukubali kukandamizwa, bali husukuma upande wa pili. Mfano wake ni watu wawili wanaosukumana mlangoni: mmoja akiondoka ghafla, mwenzake huanguka kwa nguvu zake mwenyewe. Anguko hilo ndilo arosto. Huanza baina ya saa 6 na 24 baada ya kete ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na dalili za mwili hupungua baada ya wiki moja hivi. Mgonjwa hupiga miayo, hutokwa na machozi na kamasi, vinyweleo humsimama, mifupa humuuma, hutapika, huharisha na kukosa usingizi. Kuanzia miaka ya 1930, Dk. Clifton Himmelsbach alizipima dalili hizi moja moja katika hospitali ya Lexington, Kentucky, nchini Marekani. Kwa hiyo si ukaidi wala si shetani. Ni maradhi yanayopimika.

Sasa nasihi mnisikilize kwa makini. Mwili ukishaachana na unga, ule ustahamilivu wake hupotea. Kiasi ambacho kijana alikizoea mwezi uliopita, leo kinaweza kumuua. Mwaka 2003 watafiti wa London walitangaza matokeo ya kufuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili kuachishwa dawa hizi. Watatu walikufa kwa kuzidisha dawa, na wote watatu walikuwa miongoni mwa wale waliomaliza kuachishwa. Aidha, mwaka 2007 utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, ulionesha kuwa katika wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa waliofunguliwa ilikuwa karibu mara 13 ya watu wengine, na sababu kubwa ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya.

Mzazi anayemfungia mwanawe chumbani kwa siku kumi, kisha akamfungulia mlango bila ya matibabu wala mtu wa kumsimamia, hufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini humrejesha mtaani akiwa na hamu ile ile na mwili usioweza tena kustahamili.

Matibabu yapo. Mwaka 1965 Dk. Vincent Dole na Dk. Marie Nyswander wa New York walieleza habari za wagonjwa 22 waliopewa methadoni, na tangu hapo utafiti wa nchi nyingi umethibitisha kuwa dawa hii hupunguza vifo na maambukizo ya UKIMWI. Hapa Zanzibar huduma hii ilianza mwaka 2015 katika Hospitali ya Kidongo Chekundu.

Wapo wasemao kuwa huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sivyo. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku chini ya usimamizi, hukaa mwilini muda mrefu, na kwa kipimo sahihi huzuia arosto bila ya kumlewesha mgonjwa. Akaweza kufanya kazi na kulea wanawe. Lakini ni dawa kali, na asiyeandikiwa asithubutu kuigusa.

Ndugu wananchi, nawaomba mambo manne:

1. Msimwachishe mgonjwa ghafla nyumbani. Mfikisheni kwanza kwa daktari.

2. Mwanamke mja mzito apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, kwani arosto ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

3. Mkimkuta mtu haamki, anapumua kwa shida na midomo imegeuka rangi, mkimbizeni hospitali na semeni wazi alichotumia. Iko dawa iitwayo naloksoni inayorejesha pumzi kwa dakika chache, lakini nguvu yake huisha mapema, hivyo asiachwe peke yake.

4. Aliyepata nafuu akirejea katika unga, msimfukuze. Kurudia ni sehemu ya maradhi haya, na siku hizo ndizo anazowahitajia zaidi.

Siku za arosto huhesabika kwa vidole. Kupona huhesabika kwa miaka, na katika miaka hiyo mgonjwa anahitaji daktari, jamaa na jirani.