Mikaratusi mtoni: ing'olewe au iachwe?

UZI. Haya ni maneno niliyowaambia wanafunzi wa shule ya upili kule Nyamira. Hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Tuongee hoja.

1. Kila kampeni mnasikia mmoja akisema mikaratusi ing'olewe mitoni. Mwingine anamjibu kwamba huyo anataka kuwanyima wazazi wenu karo. Wote wawili wanapigiwa makofi. Sasa leo tupige makofi baadaye, kwanza tuchambue.

2. Anayetetea mti ana hoja. Mkaratusi unakua haraka, unauzwa nguzo, mbao na kuni. Viwanda vya majani chai hapa kwetu hukausha chai kwa moto wa kuni, kwa hivyo soko lipo. Na mashamba yamekwisha: sensa ya 2019 ilipata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba Kisii, na zaidi ya 600 Nyamira. Mzazi aliyebaki na kipande kando ya mto anapanda kitakacholipa karo. Huyo si adui wa mazingira, jameni.

3. Anayepinga pia ana hoja. Mti unaokua haraka hunywa maji mengi, na ukiwa juu ya chemchemi hunywa mwaka mzima. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, lakini kiangazi kikija watu bado wanapanga mitungi foleni. Tabianchi inapobadilika, mvua inashuka kwa kishindo, halafu jua linakaa. Bonde lenye matete hushika maji na kuyaachilia polepole. Likikaushwa, maji yote yanakimbia na udongo wetu. Mto Gucha unaanzia huku kwetu na kuishia Ziwa Victoria, kwa hivyo hata jirani wa Migori anaumia.

4. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Mpaka leo tunabishana. Shida ni kwamba kuagiza ni rahisi, lakini mkulima anauliza: nikikata, nitauza nini mwaka ujao? Basi kiongozi akisema "ng'oeni", muulizeni: miche ya mianzi inatoka wapi? Nani atanunua mianzi yenyewe? Tutakata kwa awamu, au kingo zibaki wazi zimomonyoke?

5. Sheria nayo haisemi shamba lote. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zililinda ukingo unaolingana na upana wa mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kuanzia pale mafuriko makubwa yaliyorekodiwa yalipofika. Kwa hivyo swali si "mkaratusi ni mbaya?" Swali ni "umesimama wapi?" Mti ule ule mlimani, mbali na maji, ni akiba ya mzazi.

6. Nyinyi mfanye nini?
– Chukueni kamba, mpime ukingo wa mto ulio karibu na shule. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba kwanza.
– Chagueni chemchemi moja. Kila mwezi pimeni inachukua dakika ngapi kujaza mtungi wa lita 20, muandike.
– Angalieni jikoni. Githeri yenu inapikwa kwa kuni za nani? Jiko la kuokoa kuni ni ombi halali kwa bodi ya shule.
– Novemba 13, 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda miti, lengo likiwa miti bilioni 15 kufikia 2032. Nani alirudi kuangalia mche wake? Anzeni na hiyo iliyopandwa.

7. Daftari likijaa, lipelekeni bunge la kaunti. Kuhifadhi udongo na maji ni kazi ya kaunti kikatiba. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali, hakisemi mpaka uwe na kura. Na Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara.

8. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Na kama mti ulio mtoni ni wa baba?" Nikamwambia asianze na panga. Aanze na kipimo, halafu wakae na mzee wapange: mianzi ipandwe kwanza, mikaratusi ipungue mistari kwa mistari, na mipya ihamie juu. Itachukua miaka, na karo ya mwaka huu bado italipwa.

Kwenu mkaratusi umesimama wapi? Semeni hapa chini, bila matusi.